Kusahau: Hukumu Zake Katika Ibada na Katika Maisha ya Nyumbani



Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola asiyesahau, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Masuali mengi yanayonifikia baada ya darsa, ukiyatazama vizuri, yana mzizi mmoja. Huyu kasali Ishaa na hajui ni rakaa tatu au nne. Yule kanywa maji mchana wa Ramadhani, gilasi nzima, ndipo akakumbuka. Mwengine kaazima pesa kwa mtu, wote wawili hawakumbuki ni kiasi gani. Wiki chache zilizopita akanijia mwanamke kijana, akangojea mpaka watu wametoka msikitini, akaniuliza kuhusu mkwewe. Bibi huyo anasali Adhuhuri, anakunja mswala, baada ya muda mdogo anautandika tena na kuisali upya, na siku nyengine mara ya tatu. Akiambiwa kuwa keshasali anakasirika, anasema wanamzuia kumuabudu Mola wake. Mume naye anamlaumu mkewe kuwa hamsimamii mama vizuri. Aliuliza huku analia. Nilimjibu kwa ufupi pale pale, nikamuahidi kuwa nitaliandika jambo hili kwa urefu, kwa sababu nyumba yenye kadhia kama hiyo si yake peke yake.

Kwanza tujue kwamba kusahau si aibu wala si dalili ya imani ndogo. Qur'ani inatueleza katika Suratu Taha kuwa baba yetu Adam (A.S.) alipewa ahadi akasahau. Katika Suratul Kahf, kijana wa Nabii Musa (A.S.) alimsahau samaki wao pale kwenye jabali, na Musa mwenyewe alimuomba yule mja mwema asimchukulie kwa alichokisahau. Mwisho wa Suratul Baqara tumefundishwa kumuomba Mola wetu asituchukulie tukisahau au tukikosea. Na Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi ya Ibn Mas'ud, baada ya kusalisha Adhuhuri rakaa tano, aliwaambia masahaba kuwa yeye ni mtu kama wao, anasahau kama wanavyosahau, na akisahau wamkumbushe. Siku nyengine kulikimiwa sala na safu zikanyooshwa, akakumbuka kuwa ana janaba. Akawaambia wakae pale pale, akaenda kuoga, akarudi kichwa kinadondoka maji, akawasalisha. Hakujificha wala hakutafuta kisingizio. Ndugu zangu maimamu, mtu akikumbuka katikati ya sala kuwa hana udhu, atoke. Naijua haya inayomshika mtu mbele ya safu tatu za watu wazima wanaomheshimu, lakini sala bila ya udhu haipo.

Wanazuoni wanategemea hadithi ya Ibn Abbas inayoeleza kwamba umma huu umesamehewa kukosea, kusahau na kulazimishwa. Watu wengi wanaifahamu kwa upande mmoja tu. Kinachoondoka ni dhambi. Ama kilichokuwa juu ya shingo yako, mara nyingi kinabaki: sala italipwa, deni litalipwa, chombo cha mtu ulichokivunja kwa kusahau utakilipa. Ukiishika tofauti hii, nusu ya masuali yanajijibu yenyewe.

Kusahau ndani ya sala

Nitaeleza kwa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo tuliyosomeshwa vyuoni Unguja na Pemba. Mwenye kufuata madhehebu mengine aulize wanazuoni wake, kwani katika mlango huu kuna khitilafu.

Mambo ya sala yako mafungu matatu. Fungu la kwanza ni nguzo: kama kusoma Fatiha, rukuu, itidali na sijda. Ukisahau nguzo, sijda ya kusahau peke yake haitoshi, lazima uilete nguzo yenyewe. Umekumbuka ukiwa katika rukuu kuwa hukusoma Fatiha, unarudi kusimama na unaisoma. Lakini ikiwa hukukumbuka mpaka umefika mahali kama pale katika rakaa inayofuata, basi hii ya pili inakaa pahala pa ile, yaliyo kati yake hayahesabiki, na mwisho utaongeza rakaa. Kisha utasujudu sijda mbili kabla ya kutoa salamu. Maamuma hali yake ni tofauti: akikumbuka Fatiha baada ya kuwa ameshakwenda rukuu pamoja na imamu, harudi nyuma. Anaendelea na imamu wake, na imamu akishatoa salamu yeye anainuka kuleta rakaa moja.

Fungu la pili ni zile sunna kubwa ambazo mtu akiziacha huziunga kwa sijda ya kusahau. Mashuhuri kwetu ni atahiyatu ya kwanza na kunuti ya Alfajiri, na kunuti ya Witri katika nusu ya pili ya Ramadhani. Asili yake ni hadithi ya Abdullah bin Buhayna, kwamba Mtume (S.A.W.) aliinuka bila ya kukaa atahiyatu ya kwanza, na mwisho wa sala akasujudu sijda mbili kabla ya salamu. Hapa pana kosa linalotokea kila mwezi katika misikiti yetu. Imamu kainuka, kasimama sawasawa, watu nyuma wanasema Subhanallah, Subhanallah, naye anarudi kukaa. Akishasimama sawasawa asirudi. Anayerudi kwa makusudi na huku anajua hukumu, sala yake inabatilika. Aliyerudi kwa kusahau au kwa kutojua, haibatiliki. Na nyinyi mlio nyuma mfuateni, msibaki mmekaa.

Fungu la tatu ni sunna ndogo: tasbihi za rukuu na sijda, takbira za kuhama kutoka kitendo hadi kitendo, sura baada ya Fatiha. Ukizisahau, hakuna sijda. Mtu asijichoshe.

Ama mwenye kushuka shaka ya idadi akiwa bado ndani ya sala, hadithi ya Abu Said al-Khudri imemaliza kazi. Aitupe shaka, ajenge juu ya yakini, yaani achukue idadi ndogo. Hujui ni tatu au nne, fanya ni tatu, ongeza moja, sujudu mbili kabla ya salamu. Ikiwa kwa hakika zilikuwa nne, basi hizo sijda mbili zinaifanya ile iliyozidi isikudhuru. Lakini shaka ikikujia baada ya kutoa salamu, usiitazame, isipokuwa umetilia shaka nia au takbira ya kuhirimia. Nawajua watu waliotoka msikitini, wakafika nyumbani, wakakaa kwenye chakula, kisha wakaamka kusali upya kwa sababu ya fikra iliyowajia njiani. Hawakutakiwa kufanya hivyo.

Umetoa salamu na umekumbuka kwa yakini, si kwa shaka, kuwa umepunguza rakaa? Ikiwa muda haujarefuka, inuka umalize kilichobaki, hata kama umesema maneno machache. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika kisa cha Dhul-Yadayn, pale Mtume (S.A.W.) alipotoa salamu baada ya rakaa mbili, na sahaba huyo akamuuliza kama sala imepunguzwa au yeye amesahau. Muda ukirefuka, anza upya.

Kumkumbusha imamu, wanaume husema Subhanallah kwa nia ya dhikri na kukumbusha, na wanawake hupiga kiganja juu ya mgongo wa mkono wa pili. Imamu naye akiwa na yakini yake anaifuata yakini yake, isipokuwa wanaomkumbusha wamekuwa wengi kiasi ambacho hawawezi kukosea wote. Imamu akiinuka kwa rakaa ya tano na wewe una hakika, usimfuate: mgojee umekaa au nuia kufarikiana naye umalize sala yako. Na ukisahau wewe nyuma ya imamu, kwa mfano hukusoma atahiyatu ya kwanza hali umekaa naye, imamu anakubebea na huna sijda. Jambo hili liweke akilini, nitalirudia mbele kwa ajili ya wazee wetu.

Sala iliyosahauliwa yote mpaka wakati umetoka, husaliwa inapokumbukwa. Anas bin Malik amepokea kuwa haina kafara isipokuwa hiyo. Na aliyesahau sala moja ya siku nzima, hajui ni ipi kati ya tano, atasali zote tano ili atoke dhimani kwa hakika.

Udhu, najisi, na yule mgonjwa wa wasiwasi

Umekumbuka umeacha kiungo katika udhu: rudi ukioshe na vinavyofuata, kisha kama ulishasali, irejee sala. Ukikuta najisi kwenye kanzu baada ya kusali, na umejua kuwa ilikuwepo ukasahau, utarejea. Ikiwezekana kuwa imeingia baada ya sala, huna cha kurejea.

Hapa niseme na kundi jengine, wasiosahau lakini wanadhani wamesahau. Kijana anakaa chooni nusu saa, tangi la maji linamalizika, mama anapiga mlango. Anaosha mkono mara saba na bado anajiambia hakuosha. Huyo hatibiwi kwa hukumu za kusahau. Akizitumia zitamuongezea ugonjwa, kila siku atajenga juu ya idadi ndogo mpaka Magharibi yake iwe na rakaa sita. Dawa yake ni kupuuza. Amalize mara tatu, afunge mfereji, atoke, hata nafsi ikipiga kelele. Kanuni yetu ni kuwa yakini haiondoki kwa shaka. Na ikiwa hawezi kujizuia kabisa, basi ni maradhi yenye madaktari wake, na kwenda kwa daktari si upungufu wa dini.

Saumu, chakula na vichinjwa

Mwenye kula au kunywa kwa kusahau hali amefunga, saumu yake ni sahihi, kidogo au kingi, Ramadhani au sunna. Hadithi ya Abu Hurayra imeeleza kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyemlisha na kumnywesha. Akikumbuka na tonge liko mdomoni, alitoe. Watu wetu wana mzaha wa kusema mwacheni, riziki yake hiyo. Mimi naona akumbushwe kwa upole, kama ambavyo ungependa kukumbushwa wewe.

Linalowatatiza zaidi ni nia. Kwa Shafii, saumu ya Ramadhani inataka nia kila usiku. Aliyelala baada ya tarawehe bila ya kunuia na hakuamka, siku ile atajizuia kula kwa heshima ya mwezi na ataileta kadha. Lakini msijitie dhiki: mwenye kuamka kula daku ili afunge, na saumu imepita moyoni mwake, huyo keshanuia. Nia si yale maneno tunayotamkishwa kwa pamoja baada ya tarawehe, ingawa ni ada nzuri na imewasaidia wengi. Na wanazuoni wetu wamependekeza usiku wa kwanza mtu anuie mwezi mzima kwa kufuata kauli ya Imam Malik, ili siku atakayosahau awe na pa kuegemea.

Aliyesahau kusema Bismillahi mwanzo wa chakula, aseme akumbukapo katikati, kwa mwanzo wake na mwisho wake, kama ilivyopokewa kwa Bibi Aisha (R.A.). Aliyesahau kuisema wakati wa kuchinja, nyama ni halali. Kwa Shafii kuitaja ni sunna.

Haki za watu

Hapa ndipo penye uzito, na hapa nina kisa changu mwenyewe. Nilipokuwa kijana, nasomesha asubuhi na jioni nahudhuria masomo ya chuo kikuu, mtu mmoja alinipa pesa nimpelekee mama yake Wete. Ili zisipotee nikazitia ndani ya kitabu. Nikapanda boti, nikafika Pemba, nikamaliza shughuli zangu, nikarudi. Baada ya wiki tatu nikakifungua kile kitabu kwa ajili ya darsa, pesa zikaanguka mapajani mwangu mbele ya wanafunzi. Nilizipeleka kesho yake. Yule mama alikuwa akingojea pesa hizo kwenda spitali, na alipoona hazifiki alikopa kwa jirani. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, nilidhani mwanangu kanisahau." Mpaka leo mtu akinipa amana, naiandika kabla hajaondoka mbele yangu.

Kwa upande wa fiqhi, mwenye kuwekwa amana akaipoteza bila ya uzembe halipi. Lakini aliyeiweka pahala kisha akasahau alipoiweka, hata ikapotea, wanazuoni wetu wamehesabu huko ni kupuuza, na atalipa. Vivyo hivyo aliyeacha jiko linawaka akaenda msibani, likaunguza ukuta wa jirani. Dhambi hana, ukuta atautengeneza. Kuna usiku nyumba iliungua Madina na waliokuwemo ndani, Mtume (S.A.W.) akasema kuwa moto ni adui yetu na tuuzime tunapolala. Akatufundisha pia kufunga milango na kufunika vyombo kwa kutaja jina la Mwenyezi Mungu. Tazameni alivyoyakusanya katika saa moja, saa ya kulala. Mtu anayezunguka nyumba kila usiku kwa njia ile ile, mlango, mtungi wa gesi, taa, hategemei kumbukumbu. Miguu yake ndiyo inayokumbuka.

Na deni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haikuzungumzia sala wala saumu. Imezungumzia kuandika deni, liwe dogo au kubwa, na muda wake, na kuweka mashahidi ili mmoja akipotewa mwengine amkumbushe. Mola aliyetuumba anajua vichwa vyetu. Na bado mtu ukimwambia tuandike anaona unamdhania vibaya. Ndugu wawili wa Chake wamekatana miaka mingi kwa pesa za kupaua nyumba ambazo mmoja anasema ni mkopo na mwengine anasema ni msaada. Naamini wote wawili ni wakweli. Kila mmoja anasema anachokikumbuka.

Suala la talaka nalo huja. Mume anasema hajui alitamka au hakutamka, au ametamka mara moja au mbili. Asili ni kuwa shaka haivunji ndoa: ikiwa hana yakini ya kutamka, haijatokea, na ikiwa shaka ni ya idadi, huchukuliwa ndogo. Hata hivyo jambo hili lisihukumiwe barazani. Waende wote wawili, mke na mume, kwa kadhi au Ofisi ya Mufti wakaeleze.

Kuisaidia kumbukumbu

Katika kitabu cha Taalimul Mutaallim, ambacho wengi wetu tumepitishwa, Sheikh Zarnuji ametaja yanayoleta usahaulifu, na miongoni mwake ni kula matufaha machachu, kusoma maandishi ya makaburini na kupita katikati ya msafara wa ngamia. Wanafunzi wangu hufurahi kwamba Unguja hatuna misafara ya ngamia, basi usahaulifu wao unatoka wapi? Lakini pia ametaja yanayosaidia: mswaki, asali, zabibu nyekundu 21 kabla ya kula chochote, na kupunguza chakula. Mwenye kupenda ale zabibu, ni halali na ni tamu, ila asizifanye ni jambo la sharia. Vile vile ipo sala ya rakaa nne ya usiku wa Ijumaa ya kuhifadhi, iliyonasibishwa na Sayyidna Ali (R.A.), inayosambazwa kwenye simu. Imo katika Tirmidhi lakini wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha.

Sababu kubwa ninayoiona mimi ni kuwa hatukuwepo. Mtu anaweka ufunguo huku anazungumza na simu na macho yako kwa mtoto. Huyo hakusahau alipouweka, kwa sababu hakujua tangu mwanzo. Ukiweka kitu, kitazame na useme kwa ulimi wako: nauweka juu ya kabati. Kila kitu kiwe na pahala pake pamoja, msumari wa ufunguo karibu na mlango, bweta la vyeti, mkoba wa dawa. Dawa za presha na sukari zifungwe na sala, asubuhi baada ya Alfajiri na usiku baada ya Ishaa, kwa jinsi daktari alivyopanga. Na usingizi: asiyelala akili haishiki. Mama mwenye mtoto mchanga anayeamka mara nne usiku asiitwe msahaulifu. Apokewe mtoto alale.

Kuandika si unyonge. Khatib al-Baghdadi ametunga kitabu kizima, Taqyidul Ilm, kuhusu kuifunga elimu kwa kuiandika. Lakini isiandikwe ikaachwa. Inasimuliwa kuwa Imam Ghazali alipokuwa akirudi Tus alinyang'anywa mizigo na wanyang'anyi, akawafuata kuwaomba madaftari yake ya elimu. Mkubwa wao akamcheka: vipi anadai anaijua elimu ambayo ukimnyang'anya karatasi anabaki hana kitu? Akamrudishia. Ghazali akakaa miaka mitatu akiyahifadhi. Na Qur'ani ndivyo, Mtume (S.A.W.) ameifananisha na ngamia waliofungwa: ukiwaangalia unabaki nao, ukiwaachia wanakwenda. Waliohifadhi chuoni wakaacha kudurusu wanajua ninachosema.

Wazee wetu

Sasa nirudi kwa yule mkwe. Kuna kusahau kwa uzee, mtu anasahau jina la mgeni kisha analikumbuka jioni. Na kuna kusahau ambako ni maradhi: anapotea katika mtaa aliozaliwa, anashika ufunguo na hajui ni wa nini, anauliza suali moja mara kumi kwa saa. Qur'ani imeitaja hali hii katika Suratun Nahl na Suratul Hajj, kwamba wapo miongoni mwetu wanaorudishwa kwenye umri dhaifu mpaka wasijue kitu baada ya kujua. Kwa hiyo msikimbilie kusema karogwa, wala msimtafute jirani mchawi. Kisomo hakina ubaya, msomeeni, lakini kisimcheleweshe kwa daktari. Baadhi ya sababu zinatibika: maambukizi ya mkojo, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, huzuni nzito, dawa zisizopatana naye. Na akichanganyikiwa kwa ghafla, leo hivi na jana mzima, apelekwe spitali siku ile ile. Ama maradhi ya Alzheimer, ambayo ni mengi kwa wazee, mpaka sasa hayana tiba ya kuyaondoa.

Bibi anayesali Adhuhuri mara tatu hana dhambi. Wala wewe, bibi harusi wa nyumba ile, huna dhambi kwa hilo. Msimpokonye mswala. Suratul Israa imetukataza hata neno dogo la kuonesha kuchoka mbele ya wazazi waliozeeka. Mwambieni, "Bibi, tumeshasali pamoja, mimi nilikuwepo." Asipokubali, mwacheni asali, dakika kumi hazitamdhuru mtu.

Lililo bora kuliko hilo ni kumsalisha. Nimesema kuwa imamu anabeba kusahau kwa maamuma. Basi mjukuu wa kiume mwenye kutambua, anayejua udhu na Fatiha yake, amsalishe bibi yake. Kwa Shafii inafaa mtoto asiyebaleghe kuwa imamu. Amr bin Salama aliwasalisha watu wake akiwa na miaka sita au saba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na Qur'ani nyingi. Bibi atafuata tu: akiinama anainama, akisujudu anasujudu, na rakaa hazimpotei. Nilimwambia hivyo yule kijana wa kike. Ana mtoto wa kiume wa miaka tisa anayesoma chuoni.

Siku ambayo akili yake itakuwa imeondoka kabisa, kalamu imeinuliwa kwake. Hakuna sala wala saumu juu yake, hakuna kadha, na saumu aliyoikosa katika hali hiyo haina fidia. Fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku ni ya mzee mwenye akili zake asiyeweza kufunga. Akiwa na saa za uzima na saa za kupotewa, sala ni juu yake katika zile saa za uzima. Mali yake ikifikia kiwango, zaka inabaki na msimamizi wake ataitoa.

Na mali ndilo jambo ninalolihofia zaidi. Kidole gumba cha mzee asiyejua siku ya leo kinatiwa wino na shamba la mikarafuu linahama. Mauziano ya aliyeondokewa na akili hayasihi, zawadi yake haisihi, wasia wake hausihi, hata wakiwepo mashahidi kumi, na anayekula humo anakula haramu. Pia watoto wajue kuwa kwa utoto wao tu hawana mamlaka ya kuuza mali ya mama aliye hai. Waende kwa kadhi au mahakamani akawekwe msimamizi. Na mzee mwenyewe, angali na akili, aandike anachodai na anachodaiwa. Hadithi ya Ibn Umar imetutaka tusilale hata siku mbili bila ya wasia kuwa umeandikwa.

Kuhusu ugomvi wa mume na mke: haki ya kumtunza mama ni ya mwanawe kwanza. Mke anayemuosha mkwewe na kumlisha anafanya wema, hatekelezi deni. Mume apange zamu na ndugu zake, wa kike na wa kiume, waliopo mjini na waliopo shamba, na walio nje wachangie. Na komeo la mlango wa mbele liwekwe juu, pasipofikiwa na mkono wake, kwa sababu wanaotoka usiku ndio wanaopotea.

Wallahu aalam.